Nilivyomwiga Octavia Butler Vibaya

Chini ya kitanda cha mama yangu, Kisauni, Mombasa, kuna maboksi tisa yenye vitabu 50 kila moja. Ni riwaya yangu, jina langu limo juu ya jalada, na sithubutu kumuuzia mtu hata nakala moja, kwa sababu msomaji akimaliza ukurasa wa 112 anakutana na ukurasa wa 129, na zile kurasa 16 zilizopotea katikati ndizo zinazoeleza jinsi chombo cha angani kinavyoondoka duniani. Nilivilipia shilingi 95,000. Ninaandika haya kwa ajili ya mwenzangu yeyote aliyeficha mswada wa hadithi ya kisayansi ndani ya kabati, hasa mwanamke, ili kama atapotea, basi apotee kwa njia yake mwenyewe na si kwa hii yangu.

Habari ilianza Machi 2021. Chombo cha Marekani kiitwacho Perseverance kilikuwa kimetua Mirihi tarehe 18 Februari, na wiki chache baadaye NASA, shirika la anga la nchi hiyo, ikatangaza kwamba mahali kilipotua pamepewa jina la Octavia E. Butler, mwanamke mweusi wa Marekani aliyeandika hadithi za kisayansi. Binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, aliisikia habari hiyo kwenye redio akaja kuniuliza kama ni kweli kwamba mtu anayeandika hadithi tu anaweza kupewa mahali pake katika sayari nyingine. Mimi nilikuwa karani katika kampuni ya kuondosha mizigo bandarini Kilindini, kazi ya kulinganisha hati za forodha na nambari za makontena kuanzia asubuhi hadi jioni, na tangu kidato cha pili nilikuwa nikiandika hadithi za safari za angani katika madaftari ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma. Usiku ule nilisoma maisha ya Butler kwenye simu hadi adhana ya alfajiri ikanikuta sijalala.

Niliyoyasoma yalinishika kooni. Alizaliwa mwaka 1947 mjini Pasadena, California. Baba yake, aliyekuwa mng'arisha viatu, alifariki yeye akiwa bado mdogo, na mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani aliyemletea vitabu vilivyotupwa na matajiri wake. Alikuwa na tatizo la kusoma, alikuwa mrefu kupita wenzake na mwenye haya nyingi, lakini alipofika miaka kumi alimsihi mama yake amnunulie taipureta, naye mama akanunua. Akiwa na miaka 12 aliona kwenye televisheni filamu mbovu kuhusu watu wa Mirihi, akajiambia kwamba yeye angeweza kuandika hadithi bora kuliko ile. Shangazi yake alimwambia kwamba watu weusi hawawezi kuwa waandishi. Mwaka 1984 alipata tuzo ya hadithi za kisayansi iitwayo Hugo kwa hadithi fupi, mwaka uliofuata akaipata tena, na mwaka 1995 wakfu wa MacArthur ukampa dola 295,000, yeye akiwa mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kuipata tunu hiyo.

Sasa hesabu mwenyewe ni miaka mingapi nimeiruka katika aya hiyo moja. Ndivyo nilivyosoma wakati ule pia. Niliona taipureta, nikaona Hugo, na yaliyokuwa baina ya viwili hivyo niliyapita kama abiria wa matatu anavyovipita vituo visivyo vyake.

Desemba 2021 niliacha kazi. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 42,000 kwa mwezi, kodi ya nyumba shilingi 14,000, na akiba yangu yote, pamoja na zamu yangu ya chama niliyoiomba mapema, ilifika shilingi 210,000. Nilipiga hesabu kwamba fedha hizo zingenitosha miezi minane, na kwamba katika miezi minane riwaya ingekuwa imekwisha na imeanza kujilipa. Sehemu ya kwanza ya hesabu hiyo ilikuwa karibu na ukweli. Nilipomweleza mama, aliweka chini mwiko wa mchuzi akaniangalia kwa muda.

"Umeacha kazi ukaandike nini?"

"Hadithi, mama."

"Na hizo hadithi zinakubali kuandikwa mchana tu?"

Nilidhani ananikejeli, nikanuna siku mbili. Ilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, na jibu lake lilikuwemo katika maisha ya yule yule mwandishi niliyedai kumfuata. Butler alihudhuria warsha ya waandishi ya Clarion, Pennsylvania, mwaka 1970, akauza huko hadithi mbili, akarudi nyumbani akiamini kwamba mlango umefunguka. Baada ya hapo alikaa miaka mitano bila kuuza neno, na moja ya hadithi zile mbili haikuchapishwa hadi mwaka 2014, miaka minane baada ya kifo chake. Katika miaka hiyo aliosha vyombo, alipiga simu za mauzo, alikagua viazi vya kukaanga kiwandani, akichagua kwa makusudi vibarua visivyomla akili, na aliamka saa nane au saa tisa za usiku kuandika kabla ya kwenda kazini. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ilitoka mwaka 1976. Aliweza kuachana na vibarua baada ya kuuza kadhaa, si kabla ya kuuza ya kwanza.

Hiyo habari ya saa nane za usiku niliipenda sana, nami nikawa naamka saa hiyo hiyo. Miezi miwili nzima kengele ya simu ililia, nikakaa mbele ya kompyuta ya mkopo huku mbwa wa jirani wakibweka, nikaandika hadi alfajiri, kisha nikalala kama gogo mpaka saa nne, wakati binti yangu amekwisha kwenda shule bila chai. Siku moja nilianguka bafuni kwa kizunguzungu, na daktari aliponipima shinikizo la damu aliniuliza nafanya kazi gani ya usiku. Sikuwa na jibu la kumpa. Butler aliamka saa nane kwa sababu asubuhi alikuwa na mahali pa kwenda. Mimi sikuwa na pa kwenda popote, na bado nikajinyima usingizi kana kwamba usingizi ndio uliokuwa ukiizuia riwaya. Kama una nafasi ya kuandika saa tatu asubuhi baada ya kunywa chai, andika saa tatu asubuhi.

Niliiga na jambo jingine. Katika karatasi zake, ambazo sasa zimehifadhiwa katika maktaba ya Huntington huko California, kuna daftari aliloandika ndani yake, kwa maneno ya kujiapisha, kwamba vitabu vyake vitauzwa sana. Picha ya ukurasa huo imezunguka mitandaoni hadi imekuwa kama hirizi. Nami nilijiandikia maneno kama hayo kwa kalamu nyekundu nikayabandika juu ya meza. Sisemi kwamba ni vibaya kujipa moyo. Ila katika karatasi hizo hizo zimo pia orodha zake za matumizi na za vitu vya kununua, za mtu anayehesabu senti hadi mwisho wa mwezi, na sijaona mtu akizibandika ukutani. Nilianza kuweka orodha ya aina hiyo mwezi wa saba, fedha zikiwa zimebaki shilingi 31,000. Ningeianza mwezi wa kwanza, ningejua kwamba muda wa intaneti na kuchapa rasimu karatasini kulikuwa kukinila kuliko chakula.

Hapa nifike kwenye lile la aibu. Mswada ulikwisha Septemba 2022. Wachapishaji wawili wa vitabu vya shule hawakujibu kabisa, wa tatu alijibu kwa adabu kwamba kitabu hakiingii katika mtaala, na kwa kuwa soko la vitabu vya Kiswahili nchini mwetu linaegemea sana shule, nilimwelewa. Ndipo nikamwangukia mtu aliyejiita mchapishaji, mwenye afisi ya chumba kimoja katikati ya mji na maneno matamu kama halua. Alisema mswada wangu ni dhahabu. Alisema pia kwamba mwandishi ndiye anayegharamia toleo la kwanza, shilingi 95,000 kwa nakala 500, zote mbele. Nilikopa shilingi 60,000 kwa dada yangu, nyingine nikaziokota hapa na pale, na siku ya kutia saini mkataba msaidizi wake alisimama kando yangu na kalamu mkononi, nami nikaona haya kusoma kurasa nne huku mtu ananisubiri. Nikatia saini.

Vitabu vililetwa kwa tuktuk baada ya miezi mitano. Nilifungua boksi la kwanza mlangoni, majirani wakipiga vigelegele, na niligawa na kuuza nakala 50 kabla ya mpwa wangu kunipigia simu usiku kuuliza kwa nini chombo tayari kiko angani. Kesho yake mwenye duka la vitabu aliyekuwa akinifikiria nakala kumi aliitafuta nambari ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, iliyo nyuma ya jalada akagundua kwamba ni ya kitabu cha mapishi. Mchapishaji aliacha kupokea simu. Mkataba nilipousoma hatimaye, ulikuwa unasema kwamba haki zote za kazi ile, kwa lugha zote, ni zake kwa miaka 20. Wakili niliyejuana naye alinitoza shilingi 7,500 kuandika barua ya kunitoa humo, na tulijibiwa kwa mstari mmoja kwamba hana haja na kitabu hicho tena. Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara yenyewe, ingawa ndiyo yaliyonirudishia riwaya yangu.

Kinachoniumiza hadi leo ni kwamba nilikuwa nimeonywa. Butler mwenyewe ameeleza kwamba alipokuwa msichana, yeye hajui waandishi wanavyofanya kazi na mama yake hajui, walimlipa mtu aliyejiita wakala wa waandishi ada ya kusoma hadithi, ada iliyozidi kodi ya nyumba yao ya mwezi mzima, na wasipate chochote. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo katika ule usiku wa kwanza. Niliipita haraka, kwa kuwa nilikuwa natafuta mahali anaposhinda.

Kwa hiyo, kwa mwenzangu mwenye mswada: mchapishaji anayekubali kazi yako kwa hatari yake mwenyewe hakuombi fedha, na anayekuomba fedha ni mtoa huduma, unamlipa kama unavyomlipa fundi, sehemu mwanzo na iliyobaki kazi ikiwa mkononi. Dai nakala moja ya mfano uipekue ukurasa kwa ukurasa kabla nyingine hazijachapwa. Nambari ya ISBN hapa Kenya hutolewa na maktaba ya kitaifa, KNLS, na mwandishi anaweza kuiomba mwenyewe. Mswada unaweza kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla hujauonyesha kwa mgeni. Mkataba uchukue nyumbani ulale nao, na anayekataa usiuchukue nyumbani amekwisha kukujibu.

Baada ya hapo sikuandika kwa muda wa miezi sita. Nilirudi bandarini, si katika kampuni ile ya kwanza, bali katika nyingine ndogo inayonilipa shilingi 24,000 kwa kazi ya hadi saa saba mchana, na wenzangu wa zamani walionijua nikiaga kwa tambo walikuwa na hisani ya kutoniuliza. Aliyenirudisha kwenye riwaya ni ami yangu, nahodha mstaafu wa majahazi, aliyekwenda Lamu na Unguja mara zisizohesabika na, ujanani mwake, hadi Uarabuni. Anaishi Mji wa Kale, macho yake hayawezi tena maandishi madogo, na jioni moja barazani aliniambia nimsomee "hicho kitabu kilichomfilisi dada yako". Nilimsomea kutoka kwenye mswada wenyewe, pamoja na zile kurasa 16.

Chombo changu cha kwenda Mirihi kinaondokea Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco baharini na ambako tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, kulirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutumwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ni mwaka ule ule ambao Butler alikwenda Clarion, jambo ambalo halina maana yoyote ila linanifurahisha. Ami aliyajua maroketi ya Ngomeni, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaweka chini kikombe cha kahawa tungu.

"Chomboni mna watu wangapi?"

"Arubaini, ami."

"Na safari ni miezi saba."

"Naam."

"Maji wameyatia wapi?"

Nilimwambia kwamba kuna mashine inayoyasafisha maji yaliyotumika na kuyarudisha.

"Ikiharibika?"

"Haiharibiki."

Alicheka hadi akakohoa, nikalazimika kumpiga mgongoni. "Mwanangu," akasema, "hao watu wa Mirihi nimewakubali. Lakini mashine isiyoharibika, hapo umenidanganya." Akanieleza, kwa muda wa saa nzima, jinsi tangi la mbao lilivyovuja wakiwa na siku tisa za bahari mbele yao, nani alipewa maji kwanza na nani mwisho, jinsi nahodha alivyolala juu ya mfuniko wa tangi usiku, na jinsi mtu mpole kuliko wote chomboni alivyokamatwa akiiba kata moja ya maji. Nilikuwa nimeandika kurasa 240 na hakuna ukurasa hata mmoja uliokuwa na mtu halisi kama yule mwizi wa kata ya maji.

Nilikumbuka hapo kwamba Butler, alipokuwa akiandika Kindred, riwaya yake ya mwaka 1979 kuhusu mwanamke mweusi wa zama zetu anayevutwa kurudi zama za utumwa, alipanda basi kutoka California hadi Maryland, upande wa pili wa nchi, ili apaone mahali ambapo hadithi yake ingetokea. Mimi nilihitaji nauli ya tuktuk hadi Mji wa Kale na sikuwahi kwenda.

Ami alinipa na lugha pia. Rasimu yangu ilijaa kapteni, injinia na maneno mengine ya kuazima, na pale nilipoona haya ya kuazima nilijitungia maneno marefu ambayo hata mimi niliyasahau baada ya sura mbili. Yeye alisikiliza akauliza kwa nini watu wangu hawana serahangi wa kuwasimamia mabaharia, na shehena imepangwaje, na farumi iko wapi ya kukituliza chombo. Nilipokuwa nikirudi Kisauni ndipo nilipotambua kwamba neno "rubani" lilikuwa la baharini kabla halijapanda kwenye ndege, na "chombo" chenyewe kilikuwa jahazi kabla hakijawa cha angani. Lugha yetu imekwisha kuifanya safari hiyo mara moja, na maneno mengi bado yako bandarini yanangoja kuitwa. Wala si mimi wa kwanza kujaribu. Katama Mkangi, mtu wa Pwani hii hii, alimsafirisha mhusika wake hadi ulimwengu mwingine katika Walenisi mwaka 1995, na jina la ulimwengu huo ukilikata vipande linasema "wale ni sisi". Ningeisoma tena riwaya hiyo kabla ya kuanza yangu, ningejitungia maneno machache na kuiba mengi.

Sasa naandika siku nne kwa wiki, kuanzia saa tisa alasiri hadi magharibi, na usiku nalala. Mwaka jana jarida moja lilinilipa shilingi 8,000 kwa hadithi fupi iliyotoka katika kisa cha kata ya maji, nikampelekea dada yangu zote, nikabakiwa na deni la shilingi 37,000 kwake. Nimekataliwa mara kumi na moja, na kila barua nimeiandikia tarehe katika daftari lile lile la matumizi. Binti yangu yuko shule ya upili na amenikataza kuandika kuhusu yeye, kwa hiyo ataishia hapo Machi 2021 akiwa na swali lake.

Butler alifariki tarehe 24 Februari 2006, akiwa na miaka 58, baada ya kuanguka nje ya nyumba yake katika jimbo la Washington. Kitabu chake kimoja, Parable of the Sower cha mwaka 1993, kiliingia kwa mara ya kwanza katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya gazeti la New York Times Septemba 2020. Nimeandika tarehe hizo mbili pale ukutani, mahali palipokuwa na ile karatasi ya kalamu nyekundu.

Jumamosi iliyopita nilimsomea ami sura ya tisa, ambamo Mirihi inaonekana kwa mara ya kwanza dirishani na rubani, baada ya zamu ndefu, anakwenda kulala. Alininyamazisha kwa mkono. Hakuna rubani, alisema, anayelala nchi kavu ikishaonekana, kwa maana vyombo vingi havizami katikati ya bahari bali karibu na bandari, watu wakiwa wamekwisha kufunga mizigo. Nimeifuta sura ya tisa yote na leo alasiri naianza upya, rubani akiwa macho.